KUJENGA MTAA KWA KODI YA KESHO
Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi



Mtaa ukichakaa, nyumba zikaanza kubomoka, mitaro ikaziba na wafanyabiashara wakahama, swali zito linalofika ofisini si nani atakayejenga, bali ni wapi fedha itapatikana. Mazungumzo haya yanaeleza jibu lililotolewa na Jimbo la California, nchini Marekani. Jibu lililotumika kwa muda wa miaka 60 hivi kabla ya Jimbo lenyewe kulifuta.

Mwaka 1945 Jimbo hilo lilitunga sheria iliyoruhusu miji yake kuunda mamlaka za kuendeleza upya mitaa iliyochakaa. Mamlaka hizo zilipewa uwezo wa kununua ardhi na, mwenyewe akikataa kuuza, kuitwaa kwa nguvu ya sheria na kumlipa fidia. Baada ya hapo zilibomoa, zikatengeneza barabara na mifereji, kisha zikauza viwanja kwa wajenzi binafsi. Aghalabu bei ya viwanja haikufikia gharama zilizotumika, na pengo hilo ndilo lililohitaji fedha. Chini ya Sheria ya Makazi ya mwaka 1949, Serikali Kuu ya Marekani ilikubali kubeba theluthi mbili za hasara hiyo. Theluthi iliyosalia ilikuwa juu ya mji wenyewe.

Ili mji uipate theluthi yake, wapiga kura wa California waliidhinisha mwaka 1952 utaratibu wa kutumia nyongeza ya kodi ya ardhi na majengo. Utaratibu wenyewe ni huu: siku mpango unapopitishwa, thamani ya mali yote ya eneo husika huandikwa. Kodi inayotokana na thamani hiyo huendelea kugawiwa kama kawaida baina ya mji, skuli na huduma nyinginezo. Thamani ikipanda baadaye, kodi ya ile ziada huenda kwa Mamlaka.

Tuchukue mfano wa eneo lenye thamani ya dola milioni 100, na kodi ya asilimia 1. Dola milioni 1 hugawiwa kwa wote kila mwaka. Thamani ikifikia dola milioni 150, kodi huwa dola milioni 1.5, ile nusu milioni iliyozidi huwa ya Mamlaka. Na kwa kuwa ziada haiji kwa siku moja, Mamlaka huuza hatifungani kwa wenye mitaji, ikapata fedha taslimu mapema, kisha ikalipa deni na riba kwa miaka mingi kutokana na ziada hiyo. Kwa maneno mengine, mtaa hujengwa kwa kodi ambayo bado haijazaliwa.

Mpango wa Serikali Kuu ulisitishwa mwaka 1974, na mwaka 1978 wapiga kura waliiwekea kodi hiyo kikomo cha asilimia 1 ya thamani. Miji ikazidi kuitegemea ile nyongeza.

Hapana shaka majengo mengi yalisimama. Lakini hesabu ya faida haikamiliki bila hesabu ya waliogharimika. Huko Bunker Hill, mjini Los Angeles, kufuatia mpango wa mwaka 1959, nyumba kuukuu zilizokaliwa na wazee na watu wa kipato kidogo ziliondolewa, na mahali pao pakasimama maghorofa ya maofisi. Katika eneo la Western Addition, mjini San Francisco, maelfu ya wakaazi waliondolewa, wengi wao Wamarekani weusi. Ndipo sheria ya mwaka 1976 ikaanza kudai kwamba asilimia 20 ya nyongeza itumike kwa nyumba za bei nafuu.

Kasoro ya pili ilikuwa katika neno lenyewe "kuchakaa". Baadhi ya miji iliingiza hata ardhi tupu katika maeneo hayo, hadi sheria ya mwaka 1993 ilipolibana neno hilo. Kasoro ya tatu ni kwamba thamani ya mali hupanda pia kwa mwendo wa kawaida wa bei. Sehemu ya nyongeza hiyo ingezifikia skuli hata pasipo mpango wowote. Hazina ya Jimbo ikalazimika kuzifidia skuli hizo.

Kufikia mwaka 2011 mamlaka hizo zilikuwa kiasi cha 400, zikichukua takriban asilimia 12 ya kodi yote ya ardhi na majengo katika Jimbo. Hazina ilipoelemewa, Jimbo lilipitisha sheria ya kuzivunja. Mahakama Kuu ya Jimbo iliithibitisha Desemba 2011, na tarehe 1 Februari 2012 zikakoma. Madeni hayakukoma: vyombo vilivyozirithi viliachiwa jukumu la kuyalipa. Sheria mpya ya mwaka 2014 imerejesha utaratibu unaofanana na huo, kwa sharti kwamba kila chombo kiridhie mwenyewe kutoa sehemu yake, na fungu la skuli lisiguswe.

Ndugu wananchi, kodi ya kesho si fedha ya bure. Ina mwenyewe tayari. Kila mpango wa aina hii hauna budi kujibu mambo matatu kabla ya tofali la kwanza kuwekwa: ziada ni ya nani, wakaazi watahamia wapi, na deni litalipwa na nani endapo thamani haikupanda. Wahenga wamesema: mali bila daftari hupotea bila habari.