Ukoka, Kapeti na Paa: Uwanja Gani Utufae Karatu na Ngorongoro?

Mada kwa semina ya walimu wa michezo na kamati za viwanja, Karatu



Kabla sijafungua karatasi, tazameni mabeseni haya mawili mezani. Yote yana ukoka. Niliuchimba siku moja, pembeni mwa uwanja mmoja, kwa jembe moja. Beseni la kushoto limekaa uani kwangu wiki tatu. La kulia limekaa stoo, hatua chache kutoka dirishani, na nimelimwagilia sawasawa na mwenzake. Mnaona lilivyo: majani yamerefuka yakawa membamba, yamepauka, na ukiyavuta kwa vidole viwili yanakuja na mizizi yake. Maji lilipata. Jua halikulifikia.

Nje, kwenye ngazi, nimeacha vipande vingine viwili tangu saa mbili asubuhi: kimoja cha ukoka, kingine cha nyasi bandia, hizi ambazo vijana wanaziita kapeti. Hivyo tutavirudia saa ya chai.

Naanza na beseni la stoo kwa sababu ndilo lililozaa kapeti. Mwaka 1965 jiji la Houston, Marekani, lilifungua uwanja wa Astrodome, uliofunikwa paa zima, wenyewe wakijisifu kuwa ni ajabu ya nane ya dunia. Ndani walipanda nyasi za kweli, na paa wakaliwekea vipande angavu vya kupitisha mwanga. Wacheza besiboli wakalalamika: mpira ukipaa, mng'ao unawapofusha, hawajui wakimbilie wapi. Paa likapakwa rangi. Wachezaji wakaanza kuuona mpira, na nyasi zikafa. Msimu ule ukamaliziwa juu ya udongo na nyasi kavu zilizopakwa rangi ya kijani. Mwaka 1966 likatandikwa zulia la plastiki, likapewa jina linalotokana na uwanja wenyewe: AstroTurf.

Kwa hiyo kapeti ni dawa ya maradhi yanayoletwa na paa. Na wenye paa wenyewe si wote walioridhika nayo. Kombe la Dunia la 1994 lilipopangiwa mechi ndani ya Silverdome, karibu na Detroit, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan walikuza nyasi nje ndani ya masinia makubwa ya pembe sita, kisha wakayaingiza na kuyaunganisha kama vigae. Tarehe 18 Juni Marekani na Uswisi wakatoka sare ya 1-1 juu yake, mechi ya kwanza ya Kombe la Dunia kuchezwa chini ya paa. Arnhem, Uholanzi, mwaka 1998, walijenga uwanja ambao sehemu nzima ya kuchezea inateleza kwenda nje kuota jua. Gelsenkirchen na Sapporo wakafuata mwaka 2001. Wanawake walipochezeshwa Kombe lao la Dunia la 2015 Kanada kwenye kapeti mechi zote, kundi la wachezaji nyota lilikuwa limekwisha kufungua malalamiko ya kisheria kwamba wanaume hawajawahi kutendewa hivyo. Na kwa Kombe la 2026 FIFA iliagiza nyasi asilia katika viwanja vyote 16, hata Atlanta na Vancouver, ambako siku za kawaida kuna kapeti na paa.

Basi nikisikia kata yetu, iliyo zaidi ya meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako jua si la kutafuta kuanzia Juni hadi Oktoba, inaota kapeti, huwa nauliza: paa letu liko wapi?

Najua jibu mtakalonipa, na si la kubeza. Kaitaba pale Bukoba wana kapeti bila paa. Nyamagana pale Mwanza vilevile, na Karume pale Dar es Salaam. Lakini Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na uwanja wa udongo kule ni shamba la mpunga. Sisi mara nyingi hatufikii nusu ya hapo. Dar es Salaam uwanja mmoja unagombewa na timu kumi, asubuhi, mchana na usiku wa taa. Hapo ndipo kapeti lina haki yake: halichoki. Nyasi asilia ukizichezea kila siku kutwa nzima zitakufa, hata uzisomee dua. Mwenye timu nyingi na kiwanja kimoja ana kesi ya kusikilizwa, na nitairudia.

Sasa tumtazame huyu ukoka, ambaye tunamng'oa kwenye mahindi na kahawa huku tukimlaani. Wataalamu humwita Cynodon dactylon. Wamarekani walimchanganya na nduguye wa Afrika Kusini kule Tifton, Georgia, wakatoa mwaka 1960 aina iitwayo Tifway, ambayo imetandaa kwenye viwanja vya nchi za joto duniani kote. Haitoi mbegu inayoota, hupandwa kwa vipando tu. Mkandarasi anapowaletea makadirio ya "nyasi za kisasa", mara nyingi ni jamaa wa huyu aliyeko kwenye beseni, aliyesafiri na kurudi na bei mpya.

Na kwa nini anafaa? Chimbeni kidogo muone. Anatambaa juu ya udongo na chini ya udongo, na kila pingili ni mche mpya. Sehemu inayochipua iko chini, meno ya mnyama hayaifikii. Amekaa miaka mingi sana chini ya nyumbu, pundamilia na ng'ombe, hata chini kule kreta mtamkuta. Aliyezoea kwato haogopi njumu. Anachoogopa ni vitu viwili: kivuli, na udongo ulioshindiliwa.

Kivuli tumeshakiona. Udongo ulioshindiliwa ndio ugonjwa wetu wenyewe. Nendeni kiwanja chochote cha shule mkasimame golini. Pana kipara chenye umbo la sahani, kimechimbwa na visigino vya makipa wa miaka ishirini. Masika sahani inajaa maji, udongo wetu mwekundu unakuwa sabuni. Kiangazi unakuwa saruji, kipa akiruka anaamka na paja limechubuka na soksi nyekundu. Uwanja huohuo Jumamosi una mkutano wa hadhara, malori ya spika yamepaki katikati. Jumatatu kuna mafunzo ya bodaboda. Jioni ng'ombe wanakata njia. Tukisema nyasi zimekataa, tumezionea. Tiba ni uma wa shamba, kutoboa matundu ya shubiri moja uwanja mzima mvua zinapoanza, kujaza mchanga wa korongoni, kupanda vipando mwanzo wa masika, na kufunga geti wiki nane. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu. Mchanga unapatikana, mtendaji wa kumwambia mheshimiwa ahamishie mkutano wake kwingine hapatikani kirahisi.

Maji je? Hapa sitawadanganya. Uwanja wa meta 105 kwa 68 una eneo la meta za mraba 7,140. Ukiunyeshea milimita tano tu unatumia lita 35,700, yaani maboza matatu na nusu ya lita elfu kumi. Fanya hivyo mara mbili kwa wiki, kiangazi kizima, wakati kina mama wamepanga ndoo bombani, na utakuwa umejitafutia ugomvi wa haki. Ushauri wangu ni kuuacha ukoka ulale. Kiangazi utakauka uwe rangi ya simba, lakini mizizi hai, na mvua ya kwanza ya vuli inauamsha ndani ya siku chache. Mechi kubwa zipangwe baada ya mvua, mechi za kiangazi zipunguzwe. Penye loji jirani, maji yao yaliyotumika na kusafishwa yanaweza kuombwa; bustani zao za Septemba mnaziona zilivyo kijani.

Ngorongoro ni habari nyingine, na humo pia hakuna jibu moja. Nainokanoka kuna ukungu na baridi, nyasi zinajiotea, na kondoo wanazikata kuliko mashine. Lakini ukinyeshea kiwanja ukingoni mwa kreta mwezi wa Agosti, usiku utakuwa na nyati uwanjani, na ngiri atapiga magoti kuchimba mizizi kwenye kisanduku cha penalti. Olbalbal, upande usiopata mvua, mimi nisingepanda wala kutandika chochote. Ningesawazisha udongo vizuri, niokote mawe, niweke nyavu kwenye magoli. Mchezaji mzuri ametoka mchangani mara nyingi. Na popote ndani ya hifadhi, vipando vichimbwe palepale. Lori la udongo kutoka Arusha linaweza kupanda na gugu karoti, na gugu hilo likishaingia malishoni, mpira utakuwa jambo dogo.

Kuhusu kapeti ndani ya hifadhi, nashangaa hata kulijadili. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mfuko wa plastiki ni marufuku nchini, na mgeni huvuliwa mfuko wake akitua uwanja wa ndege. Kisha tutandaze plastiki eka karibu mbili, tuijaze chembechembe za matairi yaliyosagwa, mvua izibebe kuelekea mabwawa ya mifugo? Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2023 kwamba chembechembe hizo hazitauzwa tena kwao kuanzia 2031. Msishangae bei ikishuka ghafla na wauzaji wakaja kwetu kwa ukarimu mwingi. Kapeti lenyewe huchakaa ndani ya miaka kumi hivi, na jua la nyanda za juu halitalihurumia. Mkataba mnaoletewa unasema nani atalibeba likichakaa, na atalipeleka wapi?

Nilisema nitairudia kesi ya timu nyingi. Karatu mjini inastahili kiwanja kimoja kidogo cha kapeti, cha wachezaji watano kwa watano, chenye uzio na taa, cha watoto wa jioni. Siku tukijenga ukumbi wenye paa, humo pia kapeti au mbao, nyasi tusijaribu. Viwanja vikubwa vya mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, viwe viwili viwili: kimoja cha mazoezi kiumie, kingine cha mechi kipumzike.

Mimi nina kovu gotini la kapeti la mji mmoja nisioutaja, kwa hiyo mwaweza kusema nina upendeleo. Ndiyo maana sikuja na maneno matupu. Sasa ni saa nne na nusu, chai imeshaiva. Mkitoka, vueni viatu pale kwenye ngazi, mkanyage kwanza ukoka, kisha kapeti, mhesabu hadi kumi. Maswali nitayapokea mtakaporudi.