Taimingi Haiwekwi kwa Sikio
Mazungumzo ya fundi kwa vikundi vyenye gari

Nimeombwa niseme machache juu ya Peugeot 504, kwa sababu vikundi kadhaa hapa bado vinaitegemea kubeba mboga. Gari hii mnaijua. Ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa matatu yetu ya safari ndefu.

Kuna kikundi cha akina mama ambacho injini ya pikapu yao ilikufa. Tulipata nyingine, imetolewa kwa saluni ya injekshoni. Pampu ya injekshoni ilikuwa imechoka na spea zake hazipatikani, kwa hivyo tukaitoa, tukafunga kabureta. Hiyo si kosa. Lakini msiache pampu ya petroli ya injekshoni, maana inasukuma kwa nguvu sana, kabureta inafurika, na petroli ikimwagikia injini yenye joto gari huungua.

Kosa langu lilikuwa kwa taimingi. Niliigeuza distribyuta kidogo kidogo nikisikiliza, mpaka injini ikawa nyepesi na yenye furaha. Hapo tulikuwa Limuru, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Gari likapakiwa kabeji za kupeleka Kongowea. Kabla ya kufika Voi likaanza kugonga kama kokoto ndani ya mkebe. Dereva akaendelea, ati ni mzigo. Pistoni moja ikatoboka, kabeji zikaoza, na akina mama wakachanga tena.

Kwa nini? Petroli haiwaki yote kwa mara moja. Tuseme inachukua sehemu 2 kati ya 1,000 za sekunde. Injini ikizunguka mara 750 kwa dakika, muda huo krenki inageuka digrii 9. Ikizunguka mara 3,000, inageuka digrii 36. Kwa hivyo cheche lazima itoke kabla pistoni haijafika juu, na mapema zaidi kadiri mwendo unavyoongezeka. Ikichelewa, gari halina nguvu, linachemka na kunywa petroli. Ikiwahi mno, moto unaipiga pistoni ingali ikipanda. Huku juu hewa ni nyepesi na injini inavumilia. Ukishuka pwani hewa inajaa zaidi kwa silinda, na lile kosa uliloficha Limuru linatokea.

Tena injini ya injekshoni kwa kawaida hubana zaidi, na distribyuta yake ilitengenezewa kazi nyingine. Kama unaweza, funga distribyuta ya injini ya kabureta na uanze na digrii za kitabu chake. Lakini vitabu vile viliandikwa wakati wa petroli yenye risasi, ambayo iliondolewa hapa kwetu mwisho wa 2005, kwa hivyo namba ya kitabu ni ya kuanzia tu.

Anza na kontakti, yale meno mawili madogo ndani ya distribyuta. Safisha, pima nafasi yake, funga. Ukiigusa baadaye, taimingi imeharibika, rudia yote. Halafu geuza krenki kwa spana mpaka silinda namba 1 iko kwa kubana na alama zimelingana. Sikilizeni hapa: kwa 504 namba 1 iko upande wa flaiwili, si upande wa feni! Nimeona vijana hodari wakihangaika siku nzima kwa hilo. Mfuatano wa moto ni 1-3-4-2.

Washa swichi, unganisha balbu ndogo kati ya waya wa distribyuta na bodi ya gari. Geuza distribyuta polepole kinyume cha mzunguko wa rota. Palepale balbu inapowaka, kontakti imefunguka, na hapo ndipo cheche hutoka. Kaza.

Sasa piga injini, ipate joto. Toa mpira mwembamba wa vakyumu na uzibe upande wa kabureta, kisha mulika alama kwa taa ya taimingi. Ongeza mwendo: alama lazima isogee mbele. Isiposogea, vile vyuma vya ndani ya distribyuta vimeshika kutu, na hakuna kugeuza kutakakosaidia. Ukimaliza rudisha mpira, kwa tundu lililo juu kidogo ya kile kibati cha kabureta, na urekebishe sailensa.

Halafu jaribu mlimani, gari likiwa na mzigo. Likigonga, rudisha nyuma digrii 2, ujaribu tena. Na kama mnashuka Mombasa, dereva aambiwe asimame akisikia kokoto.

Pikapu iko pale nje chini ya mti, na injini imeshapoa. Twendeni tufungue kifuniko cha distribyuta.