Hotuba ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi: Faini Tuliyomtoza Mwenzetu



Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo. Mwaka 2015 tulianza akina mama kumi na tisa na sanduku moja la bati lenye kufuli tatu. Leo tuko thelathini na wawili. Habari za hisa, mikopo na mgao mtazisoma kwenye taarifa ya mweka hazina, maana yeye anajua hesabu kuliko mimi niliyeishia darasa la saba. Mimi nimeomba nizungumzie jambo ambalo halimo kwenye taarifa yake, ingawa lilianzia kwenye daftari lake. Nasema daftari la faini.

Mwaka 2018 mwenzetu mmoja alikosa vikao saba. Katiba yetu inasema asiyefika bila taarifa anatozwa shilingi elfu moja. Alipokuja kikao cha nane tukamdai elfu saba, akalipa, hakusema neno. Mimi kama mwenyekiti nikamwambia mbele ya watu kwamba kikundi siyo mahali pa kuingia na kutoka kama soko la Kiborloni. Mkacheka. Na mimi nilicheka.

Amenipa ruhusa nisimulie, jina tu kasema niliache. Alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka sita, na hakuwa na mtu wa kumwachia. Mtoto alikuwa na maneno machache ambayo anayarudia tu. Akisikia mashine ya kusaga anaziba masikio anakimbia, na mara mbili walimtoa kwenye mfereji. Shati la shule alikuwa analivua njiani. Shule ikamrudisha nyumbani. Kumbe siku mama alizofika kwenye kikao ni siku alizoweza kumfungia ndani, na siku alizokosa ni siku alizoshindwa. Hayo tuliyajua baadaye sana. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa na maelezo yake. Huyu anasema ni laana ya ukoo, yule anasema mama alikula kitu mimba ikiwa changa, mwingine anasema mtoto kadekezwa. Hilo la kudekezwa lilikuwa langu. Nilimwambia amchape.

Aliyetufungua macho ni binti wa mwanachama mmoja aliyekuwa anafanya usafi hospitalini. Alisema, mbona watoto wa namna ile nawaona KCMC, kuna wataalamu wanakaa nao chini wanacheza nao? Wataalamu hao wanaitwa wa tiba kwa vitendo. Sasa jamani, hospitali ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971. Chuo cha kufundisha hiyo tiba kwa vitendo kiko hapo hapo, na kwa miaka mingi ndicho kilikuwa peke yake nchini Tanzania. Vijana wametoka mikoa mingine wakaja kusomea kazi hiyo hapa chini yetu, ambapo taa zake tunaziona usiku, na sisi wa huku mlimani tulikuwa tunauza mbuzi kwenda kwa waganga wa mbali.

Mwenzetu akaenda. Nilimsindikiza, kwa sababu dhamiri ilinisuta, nisijisifu. Tulipanda gari la saa kumi na mbili asubuhi, mtoto analia mpaka mjini, abiria wanatuangalia. Tulipofika, mtaalamu hakutoa dawa. Alianza kuuliza, siku yenu nyumbani inaendaje, kuanzia kuamka? Uji anakunywa kwa kikombe gani? Anakaa wapi? Nani anamvalisha? Mama alikasirika. Aliniambia kwa Kichaga, nauli yote hii nimekuja kuulizwa uji? Mtaalamu wakati huo alikuwa anamtazama mtoto tu, jinsi anavyoshika, jinsi anavyokanyaga, nini kinamshtua.

Ndiyo tukaelezwa kwamba mtoto ana usonji. Siyo laana na siyo malezi mabaya. Mtoto anazaliwa na ubongo unaopokea mambo kwa njia nyingine, na mara nyingi ni mambo ya urithi. Tiba haiondoi usonji. Neno vitendo maana yake ni shughuli za kila siku: kula, kuvaa, kunawa, kucheza, kusoma, kufanya kazi. Mtaalamu anatafuta ni shughuli ipi imemshinda mtu na kwa nini, halafu anabadilisha njia ya kuifanya, au kifaa, au mahali.

Nitawapa mfano wa shati, maana huo ndio ulionishangaza. Kwanza tulikata ile lebo ya shingoni. Mimi na wewe hatuisikii, yeye ilikuwa inamchoma kama upupu. Halafu vifungo. Mama alikuwa anamfundisha kuanzia kifungo cha kwanza, mtoto anashindwa, anatupa shati. Mtaalamu akageuza. Mama afunge vyote, abakize kimoja cha mwisho, hicho mtoto amalizie mwenyewe. Akikizoea, mama abakize viwili. Kwa hiyo kila siku mtoto ndiye anayemaliza, na kumaliza kunampa hamu. Ilichukua miezi minne. Miezi minne, shati moja! Lakini tangu hapo mama hajamvalisha shati tena.

Kwa kelele za mashine, mama alianza kumwambia mapema kwamba tunakwenda mashineni, na akawa anakwenda saa ambayo foleni imekwisha. Kabla ya kula, mtoto anasukuma toroli la majani ya ng'ombe au anabeba kidumu cha maji cha lita tano, maana kazi ya nguvu inamtuliza, akirudi anaweza kukaa akala. Kwenye boksi walibandika picha za siku nzima, ndoo, kikombe, shati, njia, na kila jambo likiisha anaibandua picha yake. Kujua kinachofuata kulimpunguzia vilio kuliko kitu kingine chochote. Ila tulionywa kwamba linalomsaidia huyu linaweza kumsumbua mwingine, kuna mtoto hatulii kwa kubeba, anatulia kwa kubembea. Kwa hiyo msiende kumpa kila mtoto kidumu mkasema mwenyekiti kasema.

Tena siyo usonji peke yake. Kuna mtoto asiyeweza kutulia na jambo moja dakika mbili, kuna anayesoma herufi zinamchanganya huku kichwani ana akili ya biashara. Na watu wazima wapo pia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021, kati ya watu 127 duniani, mmoja alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo kata yenye watu elfu kumi ingekuwa nao karibu themanini. Sisi tunamjua mmoja. Wengine wako wapi? Wako kwenye nyumba za katikati ya migomba, ambapo mgeni akibisha hodi mlango wa nyuma unafungwa. Hapa Moshi kiko pia kituo cha Gabriella, ambacho Bi Brenda Shuma alikianzisha, na yeye mwenyewe ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Nchi inayo Sheria ya Watu wenye Ulemavu tangu mwaka 2010. Huduma zipo, ni chache lakini zipo. Kinachotushinda huku juu ni nauli na aibu.

Aibu nimeisema. Sasa nauli.

Mwenzetu alitakiwa kwenda kila baada ya wiki mbili. Nauli yake na mtoto, kwenda na kurudi, ilikuwa shilingi elfu sita, na siku nzima hajagusa biashara yake ya ndizi. Mfuko wetu wa jamii unatoa kwa msiba na kwa mwanachama aliyelazwa. Alipoomba mwaka 2019 tulimkatalia. Mweka hazina alisema, na nataka mjue alisema kwa nia njema, kwamba msiba unatoa mara moja umekwisha, hili halina mwisho, mfuko utakauka. Tukamwambia achukue mkopo. Akachukua, akalipa na riba. Yaani tulipata faida kwa safari za mtoto yule. Iko kwenye vitabu.

Hoja ya mweka hazina ina uzito, sitaki mtu amzomee. Ndiyo maana sikuombeni kufungua mfuko kwa kila jambo. Naomba katika mkutano mkuu tupigie kura mambo mawili. La kwanza, mwanachama anayebaki na mtoto au mtu wa namna hii asitozwe faini, na hisa yake apokee jirani. La pili, mfuko ulipe nauli ya safari sita kwa mwaka kwa kila familia ya namna hii, bila mkopo. Mzigo utakaobaki tutausaidiana kwa zamu ya kukaa na watoto, saa mbili kila Alhamisi, mama apumzike au aende sokoni. Akina mama watatu wamejiandikisha tayari. Mimi ni wa nne.

Zile elfu saba nimezirudisha kutoka mfukoni mwangu. Hakutaka kuzipokea, tulibishana mpaka giza likaingia.

Kijana mwenyewe sasa ana miaka kumi na tatu, na mabenchi haya mliyokalia ameyapanga yeye tangu asubuhi, yako sawa kama yamepimwa kwa kamba. Mkiondoka naomba msiyavuruge, atayarudisha ndani kwa utaratibu wake. Na msimlazimishe kushikana mikono, mpungieni tu.

Chakula kiko tayari, kina baba waanze foleni upande wa kushoto.