Anayetia Chumvi ni Nani? Chakula, Mwendo na Usingizi Kisumu na Ufuoni mwa Ziwa

Mwenyekiti, wahamasishaji wa afya ya jamii, na kina mama wa vibanda mliokubali kufunga biashara asubuhi ya leo,

Mwaka 1990 jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti ulioongozwa na Neil Poulter ambao unatuhusu sisi kuliko unavyowahusu Waingereza. Watafiti hao waliwafuatilia Waluo zaidi ya 300 waliohama kutoka vijiji vya upande wa kaskazini wa ziwa hili kwenda kutafuta kazi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Waliohama presha yao ilianza kupanda mapema, muda si mrefu baada ya kufika mjini. Uzito uliongezeka, mapigo ya moyo yakawa ya kasi zaidi, na mkojo wao ulionyesha kwamba wanakula sodiamu nyingi, yaani chumvi, na potasiamu kidogo, yaani mboga na matunda.

Naanzia hapo kwa sababu kila nikikaa na wagonjwa nasikia maneno yale yale: presha iko kwenye damu yetu, mama alikuwa nayo, nitafanya nini? Ukoo una sehemu yake, sikatai. Lakini wale vijana walikuwa wa vijiji vile vile na koo zile zile. Kilichobadilika ni sufuria na maisha ya kila siku. Na Kisumu ya leo, kuanzia Manyatta hadi Nyalenda, imekuwa kwa watu wa Siaya, Nyakach na Seme kile ambacho Nairobi ilikuwa kwa vijana wale. Mtu hahitaji tena kupanda basi la usiku ili presha impate.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu robo ya watu wazima wa Kenya wana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya waliohojiwa hawakuwa wamewahi kupimwa maishani. Wanawake wenye uzito uliopita kiasi walikuwa asilimia 38.5, wanaume 17.5.

Hoja yangu leo ni moja. Tumezoea kumhubiria anayekula: punguza hiki, acha kile, jitahidi. Yeye anaitikia, anapiga makofi, kisha anarudi kwenye sahani ambayo mtu mwingine amekwisha kuiamulia. Mimi nadhani tumekuwa tukisema na mtu asiyehusika. Tuseme na mkono unaotia.

Simama nyuma ya jiko la kibanda chochote pale Kondele kwenye saa tano asubuhi. Samaki, ngege, amepakwa chumvi tangu alipopasuliwa. Akishatoka kwenye karai, kitunguu na nyanya vinaingia sufuriani pamoja na chumvi ya vidole vitatu. Inafuata pakiti ya viungo vya unga, na ukisoma maandishi madogo ya nyuma utakuta chumvi ndiyo imetangulia. Sukuma wiki nayo ina chumvi yake. Sahani inafika mezani, na mteja, kabla hata hajaonja, ananyoosha mkono kwenye kikopo chenye matundu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na hapo wamehesabu chai ya asubuhi, mchana na usiku. Mteja wetu amekula mara moja tu na kijiko kinakaribia kuisha.

Kwa hiyo kina mama, ombi langu ni kwenu. Msitangaze kitu. Punguzeni chumvi ya mchuzi kidogo wiki hii, kidogo tena wiki ijayo, na kile kikopo kihamie pale mnapopokelea pesa, anayekitaka akifuate. Ulimi huzoea katika wiki chache. Ndimu, dhania na pilipili zitaziba pengo. Mkipunguza kwa ghafla wateja watahamia kibanda cha jirani, na hapo hatutakuwa tumemsaidia mtu.

Neno moja kuhusu magadi. Bibi zetu walilainisha mboga kwa maji ya majivu yaliyochujwa, na maji hayo yalikuwa na potasiamu kwa wingi. Wengi siku hizi tunatumia magadi ya dukani kwa kazi hiyo hiyo, tukidhani ni kitu kimoja. Magadi ni sodiamu. Mwenye presha anayejisifu kwamba ameacha chumvi huku mboga yake ya osuga inachemshwa na magadi bado hajaacha. (Mwenye ugonjwa wa figo asikimbilie potasiamu vilevile, huyo amsikilize daktari wake.)

Mboga zenyewe hazihitaji wakili tena. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyefanya sehemu kubwa ya kazi yake ya mwanzo hapa jirani Maseno, ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba mboga zilizoitwa magugu zina madini na vitamini za kutosha kuziaibisha kabichi. Osuga, dek, apoth, mitoo: zote ziko kwenye masoko ya Kibuye na Jubilee, na mvua zikinyesha bei inashuka. Ninachotaka kuongeza ni jambo dogo ambalo halisemwi. Mama amekula omena (dagaa) na osuga, chakula chenye madini ya chuma, kisha papo hapo anashushia na kikombe cha chai nzito. Majani ya chai huzuia chuma kisifyonzwe vizuri tumboni, hasa kile cha mboga. Asubiri saa moja hivi ndipo anywe. Au akamulie ndimu kwenye mboga, inasaidia chuma kuingia. Uchovu wa kina mama wengi ninaokutana nao unaanzia kwenye upungufu wa damu, lakini si kila uchovu unatibiwa na sahani: malaria ipo, seli mundu ipo, apimwe kwanza.

Sasa samaki. Viwanda vya hapa huchukua minofu ya mbuta, minofu ikapanda ndege, na mifupa yenye nyama nyama na kichwa ikabaki mtaani Obunga. Ndiyo mgongo wazi. Wako wanaoidharau biashara hiyo, mimi simo. Imesomesha watoto, na imewapa protini watu ambao bei ya samaki mzima imewashinda. Tatizo liko kwenye karai. Mafuta yale yale huchemka asubuhi hadi jioni, kesho yakaongezewa mengine juu, mpaka yakawa meusi na yanatoa povu na moshi unaochoma macho. Mafuta yaliyofika hapo yameharibika, na mlaji anayajua kwa kiungulia na uzito wa tumbo unaomlaza mchana. Najua bei ya mafuta. Lakini kuchuja makombo kila jioni kwa kitambaa safi kunayaongezea siku, na kupunguza moto kabla moshi haujaanza kunayaongezea zaidi. Hilo ni pesa mfukoni pia. Kwa nyumbani, mbuta wa kuchemshwa na nyanya na kitunguu ni chakula kamili, na obambla, samaki aliyepasuliwa akaanikwa, hahitaji karai kabisa.

Omena naye anadharauliwa kwa kosa lisilo lake, bei yake nafuu. Huliwa pamoja na kichwa na mifupa, na kwa hiyo mwenye kumla anapata kalsiamu ambayo minofu haina kwa kiasi hicho. Aoshwe kwa maji ya moto kuondoa mchanga, akaushwe kwenye sufuria bila mafuta mpaka alie, ndipo apewe nyanya. Uvuvi wake hufungwa Aprili hadi Julai na bei hupanda, basi anayeweza anunue wa kutosha mwezi wa tatu, amwanike vizuri na kumhifadhi pakavu.

Ugali nitaupita haraka. Unga mweupe uliokobolewa hushibisha kwa kishindo na njaa hurudi mapema. Unga wa posho mill usiokobolewa, ukichanganywa na mtama au wimbi, hukaa tumboni muda mrefu na husaidia choo. Anzeni na robo ya mtama. Mkianza na nusu, watoto watagoma.

Nafika sehemu ambayo vitabu vya lishe kutoka nje haviigusi. Katika eneo letu huwezi kumwambia mtu apungue uzito kana kwamba unamwambia anyoe nywele. Nyanza iliumizwa na ukimwi kuliko sehemu nyingine za Kenya, na kwa miaka mingi mtu aliyekonda alinong'onewa. Wazee walisema chira, yaani laana ya kuvunja mwiko, vijana walisema ule ugonjwa, na majirani wakaanza kuhesabu siku. Mama mwenye kioski aliyeanza kutembea na kupunguza mafuta, nguo zikamlegea, anaulizwa sokoni kwa sauti ya chini kama yuko sawa. Anaogopa. Anarudi kwenye chapati zake ili uso ujae tena. Nimeona hili mara nyingi kiasi kwamba siku hizi siongei habari ya kupungua hata kidogo. Naongea habari ya kulala vizuri, kupanda ngazi bila kuhema, magoti yasiyouma na namba za presha. Nawaomba wahamasishaji mfanye hivyo pia. Na mkiingia nyumbani kwa mtu, mseme na mume na mama mkwe wakiwapo, kwa sababu wao ndio watakaoulizwa na jirani kwa nini mke amekonda.

Kuhusu mwendo, Kisumu ilikuwa mji wa baiskeli. Boda boda wa zamani alikanyaga pedali, na yeye angalau alipata mazoezi ingawa abiria hakupata. Pikipiki zilipojaa baada ya kodi yake kuondolewa mwaka 2008, hata pedali zikasimama. Usafiri sasa unamngoja mtu mlangoni, na hapa tena kuna mkono uliokwisha kuamua kabla yake. Kutoka Kondele hadi katikati ya mji ni nusu saa ya miguu na kidogo juu yake. Mtu akitembea asubuhi tu, siku tano, amefikisha dakika 150 za wiki ambazo Shirika la Afya Duniani linasema zinatosha kama kiwango cha chini. Jioni apande boda, simlaumu, jua letu nalijua. Anayekaa mbali ashuke kabla ya kituo chake. Njia za waendao kwa miguu zilizotengenezwa mjini wakati wa maandalizi ya mkutano wa Africities wa mwaka 2022 zipo, ingawa kila wiki bidhaa na pikipiki zinazimeza kidogo.

Usingizi ni mgumu kwenye nyumba ya mabati. Joto la mchana hubaki ndani hadi usiku wa manane, watu wanakunja neti ili wapate hewa, kisha mbu wanafanya yao. Fungueni madirisha mapema upepo wa ziwa unapovuma alasiri, mfunge kabla mbu hawajaamka, na simu ikae mbali na kitanda. Wavuvi wa omena wana taabu ya pekee kwa sababu taa zao hufanya kazi usiku wa giza. Wao walale mchana chumba kikiwa na giza, na usiku wa mbalamwezi, wanapopumzika, wasiumalizie kwenye chang'aa.

Tangu Septemba 2023 wahamasishaji mna mashine ya kupimia presha ndani ya mkoba. Itumieni kwenye vibanda, si majumbani tu. Mpimeni mpishi kabla hajapunguza chumvi na mpimeni tena baada ya miezi miwili, mumwandikie namba zote mbili. Mpishi aliyeona namba yake mwenyewe ikishuka hatahitaji semina nyingine. Na anayemeza dawa aendelee nazo hata akijisikia mzima, kwa maana presha haina kelele na kujisikia vizuri si kipimo chake.

Limebaki suala la sukari, na nitalisema kwa vitendo. Katika kila semina niliyohudhuria chai hufika ikiwa imekwisha kutiwa sukari ndani ya chupa, na pembeni kuna mandazi. Hakuna aliyeulizwa. Mwenyekiti, kabla ya mapumziko naomba uwatumie watu wa jikoni ujumbe: leo sukari ije kwenye bakuli.