Jubilii na Shamba Linalolala

Maneno ya Katibu wa Kwaya



Nimepewa dakika kumi na nikaombwa nisisome ripoti. Ripoti mtaikuta kurasa za mbele, pamoja na ya Mweka Hazina. Mimi nataka tuzungumze juu ya kupumzika.

Kwaya yetu imetimiza miaka 50. Neno jubilii siku hizi tunalifikiria kwa keki na sare mpya, lakini lilikotoka, katika Mambo ya Walawi sura ya 25, ni habari ya shamba. Kila mwaka wa saba ardhi iliachwa ilale: hakuna kupanda, hakuna kupogoa mizabibu. Ikiisha miaka saba mara saba, baragumu lilipigwa, na mwaka wa 50 ardhi ikalala tena, na kila mtu akarudi kwa jamaa yake na kwa shamba la baba zake. Basi tazameni ratiba yetu ya mwaka ujao pale mlangoni. Kuna tamasha, kuna kurekodi video, kuna harambee tatu, na mazoezi Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Naijua vizuri, maana ndimi niliyeichapa.

Tena ndimi ninayeshika daftari la mahudhurio. Majina hayaondoki kwa kishindo. Kwanza unaandika "udhuru", wiki ijayo "udhuru" tena, halafu unaacha wazi. Sauti ya pili mwaka jana ilikuwa na watu 14. Leo wako 9. Hakuna aliyegombana na mtu. Nilipowatembelea, karibu wote walinipa jibu moja: nimechoka, Katibu. Na walilisema wakitazama chini, kana kwamba kuchoka ni dhambi.

Nyinyi mnaosoma solfa mnajua jambo hili. Kistari kinatuambia tuendelee kuivuta sauti. Pumziko halina alama. Mwandishi anaacha nafasi tupu, na mkono wa mwalimu unaendelea kuhesabu. Mgeni akiingia kwaya huiruka nafasi ile, akaimba peke yake, na kanisa zima likamsikia. (Wengine si wageni na bado wanafanya hivyo, sitawataja.) Kile kimya kimehesabiwa pamoja na wimbo.

Mwenyewe nilifundishwa na magunia mawili. Machi 2020 shule zilifungwa, na makanisa pia. Nilikuwa mwalimu wa kuajiriwa na bodi, na mshahara ukakoma. Nyuma ya nyumba niliyopanga kuna uwanja wa saruji wa hatua nne hivi. Nikayajaza magunia udongo na samadi ya mbuzi, nikasimamisha nguzo ya kokoto katikati ili maji yafike chini, nikatoboa ubavuni na kupanda sukuma wiki. Kila asubuhi nilimwagilia, kisha, kwa kuwa sikuwa na pa kwenda, nikaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Wiki za kwanza niliketi nikipiga hesabu ya kodi. Halafu, sijui ni siku gani, nikaanza kuyaona majani. Niliona jani la chini linavyogeuka njano na kuanguka huku changa la juu likinenepa. Vidukari walimaliza miche mitatu niliyoitunza sawasawa na ile mingine. Sukuma haikuniuliza kama nimelipwa. Nisiwadanganye: kodi haikulipwa na kule kuketi, ililipwa na mandazi niliyouza stejini. Lakini kabla ya kubeba ndoo ya mandazi nilikuwa nimekwisha kupumua, na usiku nililala.

Kukubali ninakokusema si kukata tamaa. Masika ikichelewa, mkulima hawezi kuivuta mawinguni. Ananoa jembe, anaketi mlangoni, anangoja.

Yohana sura ya 18 anatuambia Yuda alijua mahali pa kumkuta Yesu, katika bustani ng'ambo ya kijito cha Kidroni, kwa sababu Yesu alikwenda pale mara nyingi na wanafunzi wake. Maneno hayo "mara nyingi" tunayapita haraka kwa kukimbilia mateso. Kumbe bustani ile haikuwa ya usiku mmoja. Alikuwa na mahali pake pa kuketi, na rafiki zake walipajua.

Na mtu asiseme haya ni mambo ya wenye nafasi. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 lisijengwe Uhuru Park, alikejeliwa hadi bungeni. Jengo halikujengwa. Kati ya waliokuwa wakilala kwenye nyasi zile Jumapili alasiri walikuwamo watu wa chumba kimoja, wasio na ua wala kivuli nyumbani.

Naleta ombi kwa Mwenyekiti na kamati. Mwezi wa Januari wote, kwaya isiwe na mazoezi, mwaliko wala mchango. Ibada ziongozwe kwa nyimbo za washirika wote, ambao wanaimba vizuri kuliko tunavyowadhania. Jumamosi saa tisa, anayetaka aje chini ya mparachichi ulio nyuma ya jiko la kanisa. Mabenchi yapo. Chai nitapika mimi, na daftari nitaliacha nyumbani. Najua mwalimu wetu ataniambia sauti zitalegea. Labda zitalegea kwa wiki mbili, naye ana uwezo wa kuzirudisha.

Mmoja wa wale niliowatembelea alifiwa na mumewe mwezi wa Mei. Ameimba nasi miaka mingi kuliko umri wangu. Aliniuliza kama inaruhusiwa aje tu aketi kati yetu, asiimbe, na asiulizwe ataanza lini. Nilimwambia nitawauliza wenzangu. Ndiyo nawauliza.