Uvumi Uliopata Sauti

Nimeombwa nizungumzie hatari za akili mnemba. Habari za mashine zitakazomtawala binadamu naziacha. Wanafunzi wanaoandikiwa memwari za kuhitimu na kompyuta nao wana siku yao. Hapa Bwiza mimi naogopa uvumi.

Machi 1995 damu ilimwagika Bwiza na Buyenzi, mitaa ya Bujumbura ambayo Wahutu na Watutsi walikuwa bado wanaishi pamoja. Wengi waliondoka na walichoweza kubeba. Mwaka huohuo ikaanzishwa hapa Bujumbura Studio Ijambo, studio ya vipindi vya redio, Mhutu na Mtutsi wakienda pamoja kutafuta habari, ili kila upande upate mtu wa kumwamini. Kazi ile iliwezekana kwa sababu habari ilikuwa na mwenyewe: ungeweza kumfuata aliyeisema ukamuuliza.

Sasa mashine inahitaji kipande kifupi tu cha sauti ya mtu ili imwige. Wengi wetu hatusomi habari ndefu kwenye simu, tunasikiliza ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Basi fikirini: saa nne za usiku sauti ya imamu, au ya padri, au ya mwanao aliye Uvira, Kongo, inakwambia kwamba watu fulani wanakuja na mapanga. Utangoja asubuhi ndipo uhakikishe? Mwaka 1995 hatukungoja, na hatukuwa na mashine.

Tena kuna mashine inayoamua nani aone nini. Meareg Amare alikuwa profesa wa kemia katika Chuo Kikuu cha Bahir Dar, Ethiopia. Mwaka 2021 Facebook ilibeba maandishi yaliyomtaja na kumchafua, na Novemba mwaka huo akauawa kwa risasi nje ya nyumba yake. Desemba 2022 mwanawe, Abrham Meareg, akiwa na wenzake, aliishtaki jijini Nairobi kampuni ya Meta, mwenye Facebook, akidai kwamba mfumo wa kampuni hiyo uliisukuma chuki mbele, na kwamba maombi yake ya kuondoa maandishi hayo hayakusikilizwa kwa wakati. Kampuni ilisema mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Aprili 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba inaweza kuisikiliza kesi hiyo. Uamuzi huo ni wetu pia.

Hata kinachoitwa usalama wa mashine kina jasho la watu. Januari 2023 jarida la TIME lilieleza kwamba wafanyakazi wa Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya ukatili, ili programu ya kampuni ya OpenAI ijifunze kuyatambua. Waliumia nafsi kwa kazi hiyo. Nauliza: nani analipwa, na kwa heshima gani, kusikiliza Kirundi chetu na Kiswahili cha Buyenzi?

Mwaka 2027 sisi Warundi tutamchagua rais, na uchaguzi ni msimu wa uvumi. Wabunge wetu na Jumuiya ya Afrika Mashariki wazidai kampuni hizi, kabla ya mwaka huo, wasikilizaji wanaojua lugha zetu, wenye mishahara ya haki na tiba ya nafsi. Nanyi mliokaa hapa, sauti ya hatari ikiwafikia usiku, msiitume mbele. Mpigieni simu mwenye sauti, mumsikie mwenyewe.