Kuchoka kwao si uvivu: maneno yetu ya tarehe 12 Mei, Butembo



Leo, mu inchi nyingi, watu wanakumbuka wagonjwa wa uchovu usioisha. Hii haiko kuchoka kwa mtu mwenye amelima kutwa, analala, asubuhi anaamka mzima. Mgonjwa akijikaza leo kufua nguo, kesho na kesho kutwa anaweza kushindwa kutoka kitandani. Mara nyingi inaanza kisha virusi: homa inapita, nguvu hairudi. Tangu 1969 Shirika la Afya Duniani liliuandika kati ya magonjwa ya mishipa ya fahamu. Lakini mpaka leo hakuna kipimo cha damu chenye kuuonyesha. Juu ya ile, wengi wanajibiwa: ni mawazo tu, jikaze.

Musikie vile wagonjwa wa Uingereza walifanya. Mu 2011 jarida The Lancet lilitoa utafiti mkubwa, PACE, wa wagonjwa 641. Ulisema kwamba mazungumzo ya kubadilisha mawazo na mazoezi ya kuongezwa polepole vinasaidia, na wengine wanapona. Wagonjwa wakasema: sisi mazoezi yanatuangusha. Hawakusikilizwa. Basi wakausoma ule utafiti wenyewe, wengine wakiwa wamelala kitandani. Wakaona kwamba kipimo cha kusema mtu “amepona” kililegezwa utafiti ukiwa umekwisha kuanza. Wakaomba hesabu zote. Chuo kikuu kikakataa. Mu 2016 mahakama ikaamuru zitolewe. Zilipohesabiwa tena kwa kipimo cha kwanza, waliopona wakabaki wachache sana. Watafiti wale wanatetea kazi yao mpaka leo. Lakini mu 2021 NICE, taasisi yenye kuongoza waganga kule, iliacha kupendekeza mazoezi yale.

Hakuna mtu aliyefunga barabara. Wengi hata kusimama hawakuweza. Waliuliza tu, wakauliza tena, pamoja.

Juu ya nini tunaleta habari hii Butembo? Juu hapa kwetu, tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020, Ebola iliua watu zaidi ya 2.200. Zaidi ya 1.100 walipona. Kati yao wako wenye walirudia kazini mu vituo vya Ebola kubeba watoto wachanga wenye wazazi wao walikuwa wanauguzwa, kwani wao walikuwa na kinga. Na moja ya dawa mbili zenye zilionyesha nguvu mu utafiti wa hapa Kivu, mu 2019, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995. Sayansi iko na deni kwa wale walioponea.

Leo wengi wao wanalalamika: macho, viungo, kichwa, na kuchoka kwenye hakuishi. Watafiti wameisha kuyaandika, hapa Congo na Afrika ya Magharibi. Hatusemi kama ni ugonjwa uleule wa kule Uingereza. Tunasema jibu wanalopewa ni lilelile: jikaze, uko muvivu.

Sisi vijana tuko na diploma na hatuna kazi. Hilo neno “muvivu” tunalijua uzito wake. Mtu analitupa wakati hataki kuuliza sababu.

Kwa hiyo tunadai mambo manne:

1. Mshindi wa Ebola akisema anachoka, kituo cha afya kiandike kwenye karatasi yake, na kimpime vizuri kabla ya kumwambia ajikaze.

2. Matunzo yao yaendelee bila malipo, hata kama miradi ya wafadhili imekwisha. Mwili haujui tarehe ya mwisho wa mradi.

3. Utafiti ukikuja, walioponea wakae mezani tangu siku ya kuchagua maswali, wasiitwe tu siku ya kutoa damu.

4. Matokeo yarudishwe kwao, mu Kiswahili na mu Kinande, kabla hayajasahaulika mu kompyuta za watu wa mbali.

Na ninyi mulioponea: mujiandikishe pamoja, kata kwa kata. Muandike siku za nguvu na siku za kuanguka. Sisi tuko na kalamu na tuko na wakati. Tutaandika pamoja nanyi, tutabeba barua mpaka kwa wakubwa wa afya, na wasipojibu, tutarudi.